Ndoa, Mbuzi na Bendera: Jinsi Karuri wa Gakure Alivyojenga Ukuu Wake

Wakikuyu hawakuwa na mfalme, na jambo hilo liliwasumbua Waingereza kuliko lilivyowasumbua Wakikuyu wenyewe. Maofisa waliofika Mbirri mwaka 1900 kujenga ngome iliyokuja kuitwa Fort Hall, yaani mji wa Murang'a wa leo, walitaka mtu mmoja wa kumdai kodi, vibarua na utulivu. Walimpata Karuri wa Gakure, mzee wa Tuthu, wakamfanya chifu mkuu. Tangu hapo kumbukumbu zimemgawa mara mbili. Kwa wengine ni kibaraka aliyewafungulia wazungu mlango; kwa Wakatoliki ni mwenyeji mkarimu aliyewapokea mapadre wa kwanza. Naona pande zote mbili zinaanza hadithi mwishoni. Kabla hajawa chifu wa mtu yeyote, Karuri alikuwa fundi wa kuunganisha koo, na ufundi huo ndio serikali ilioukuta, ikautumia, kisha ikaufanya usihitajike tena.

Ukipanda matatu kutoka mjini Nyeri kwenda Othaya, ukaendelea hadi Kiria-ini na Kangema, utaelewa kwa mwili wako kwa nini ufundi huo ulihitajika. Gari linapanda, linashuka, linavuka mto, linapanda tena. Maji ya Chania, Gura na Mathioya yanateremka kutoka milima ya Nyandarua, ambayo wengi wetu tunaiita Aberdare, na kila mto umechimba bonde linalotenga mgongo mmoja na mwingine. Kwenye kila mgongo palikuwa na mbari yake, yaani ukoo wa watu wanaojihesabu kuwa wa babu mmoja na wenye ardhi kwa jina lake. Aliyesikilizwa ng'ambo hii hakuwa na neno ng'ambo ile. Mashauri yaliamuliwa na kiama, baraza la wazee, na mtu aliyeng'aa kwa hekima, mali au ushujaa aliitwa muthamaki. Mtoto wake hakurithi heshima hiyo. Alirithi mbuzi, sehemu ya shamba na kumbukumbu nzuri ya watu juu ya baba. Mengine ilimbidi ayatafute.

Sasa mtu wa namna hiyo anapataje nguvu nje ya mgongo wake? Njia ya kwanza ni ndoa, na hapa inafaa kutulia, maana neno "ndoa" linaweza kutupotosha tukidhani hesabu zake ni zile zile duniani kote.

Chukua Bretagne, ile rasi ya magharibi ya Ufaransa, katika Zama za Kati. Mwaka 1213 bwana mmoja wa ukoo wa kifalme wa Ufaransa, Pierre wa Dreux, alimwoa Alix, binti aliyekuwa mrithi wa utawala wa Bretagne. Kwa harusi hiyo moja Pierre akawa mtawala wa nchi nzima. Karne moja baadaye mtawala mwingine wa huko alikufa bila mtoto, ndipo vikazuka vita vya kurithi kiti, kuanzia 1341 hadi 1364, kati ya Jean wa Montfort na Charles wa Blois. Charles alidai nchi kwa haki ya mkewe, Jeanne wa Penthièvre. Maelfu walikufa kwa sababu ya swali la nani alizaliwa na nani. Na mwaka 1491 Anne, mtawala wa mwisho wa Bretagne huru, aliolewa na mfalme wa Ufaransa. Nchi yake ikaanza safari ya kumezwa. Katika mfumo ule ardhi ilimfuata mwanamke. Kwa hiyo kabaila alihitaji mke mmoja tu, mradi awe na urithi mnono, na aliomba Mungu ampe mtoto wa kiume kabla kifo hakijabisha hodi.

Mlima Kenya hesabu iligeuzwa chini juu. Binti wa Kikuyu hakuhama na shamba. Ardhi ilibaki kwa mbari ya baba yake, na badala yake mbuzi na kondoo ndio waliohama, wakielekea kwao. Hayo ndiyo mahari, ruracio. Na ruracio haikulipwa ikaisha. Ilitolewa kidogo kidogo, kwa miaka, pamoja na pombe ya miwa na kondoo wa sherehe, na kila awamu iliwakutanisha wazee wa pande mbili wakae, wanywe, waulizane habari za mvua na za kesi. Deni ndilo lililoweka uhusiano hai. Mkwe aliyemaliza kila kitu siku moja angeonekana anataka kuwakimbia wakwe zake.

Faida yake ilikuwa nini? Mume alipata mikono ya kulima na watoto wa kukuza jina. Baba mkwe alipata mifugo. Lakini wote wawili walipata kitu kisichopandwa shambani: watu wa kuwategemea upande wa pili wa mto. Wakwe waliweza kupewa mahali pa kulima katika ardhi ya ukoo usio wao. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha 1938 kuhusu maisha ya Wakikuyu, alieleza haki hiyo pamoja na ya muhoi, yule aliyepewa pa kulima kwa urafiki tu, bila kulipa, na ya muciarua, mtu wa ukoo mwingine aliyezaliwa upya katika mbari kwa sherehe na kuchinja. Tukiyaweka yote pamoja tunaona kwamba ukubwa wa mtu haukupimwa kwa ekari alizozungushia ua. Ulipimwa kwa idadi ya watu waliokuwa na sababu ya kumsimamia. Ndiyo maana wakati Mbretoni alitafuta mke mmoja mwenye nchi, muthamaki alitafuta wake wengi kutoka migongo mingi, na hakusikitika akizaliwa msururu wa mabinti.

Karuri alioa wake makumi kadhaa. Wasomaji wa leo huishia hapo, wakicheka au wakikunja uso. Lakini kila mke alikuwa na nyumba yake, ghala lake na mashamba aliyoyasimamia mwenyewe. Nyumba nyingi zilimaanisha viazi vitamu, maharagwe, mtama na ndizi zaidi ya mahitaji ya boma. Ziada hiyo iligeuka mbuzi, na mbuzi wakageuka mahari ya mwana au ya mke mwingine. Nguvu ya mzee ilisimama juu ya migongo ya wanawake wenye vikapu vya kamba kichwani, na hili lisemwe wazi, kwa kuwa katika orodha za machifu wanawake hao hawana majina.

Njia ya pili ya Karuri ilikuwa dawa. Alikuwa mundu mugo, mganga, aliyesifika na kuogopwa kwa ujuzi wa dawa na sumu. Kwa mtu aliyeishi Tuthu, pembeni kabisa mwa msitu, sifa hiyo ilivuka mito ambayo amri isingevuka.

Kisha ikaja miaka mibaya. Sotoka ilikuwa imeua ng'ombe wa Wamaasai mwanzoni mwa miaka ya 1890, na wao kwa wao walikuwa wamepigana. Mwaka 1898 hadi 1899 njaa kuu iliwashukia Wakikuyu, hasa wa kusini, Kiambu. Ndui nayo ikafuata. Watu walikimbilia kaskazini, Murang'a na Nyeri, kwenye migongo ya juu ambako mvua haikukata kabisa. Familia zenye njaa ziliwaacha mabinti kwa wenye chakula, mara nyingine wakaolewa huko huko na hawakurudi. Mwenye maghala alitoka katika njaa ile akiwa na wakwe wapya na watu wapya wa kumtegemea. Sisemi kwamba Karuri aliipenda njaa. Nasema tu kwamba mfumo wa miungano ulimlipa mwenye akiba wakati wengine wakizika watoto.

Katika mwaka huo huo wa 1898 ndipo alipotokea John Boyes, kijana wa Kiingereza aliyezaliwa Hull, akitafuta chakula cha kuuzia misafara. Wanajeshi wa Kisudani walikuwa wameasi Uganda mwaka uliotangulia, askari wengi walikuwa njiani, na matumbo yao yalikuwa biashara. Boyes alipanda hadi kwa Karuri akiwa na bunduki na bidhaa kidogo. Wengi wangemuua. Karuri alimpa mahali pa kukaa.

Kitabu alichokitoa Boyes mwaka 1911 kinajigamba hata kwenye jalada kwamba alikuwa mfalme wa Wakikuyu. Ukikisoma kwa jicho la Tuthu, mambo yanageuka. Ni Karuri aliyepata bunduki bila kuinunua na soko la chakula cha nyumba zake. Pia alipata mtu asiye na ukoo, asiye na mbari, asiye na mjomba wa kumtetea, ambaye kwa hiyo alimtegemea mwenyeji wake kabisa. Katika mfumo wa pale juu mgeni wa namna hiyo alikuwa na nafasi yake. Alikuwa kama muhoi mwenye silaha. Boyes anaeleza jinsi alivyochanjiana damu na Karuri na wakubwa wengine, akiwemo Wang'ombe wa Ihura wa upande wa Nyeri. Undugu wa damu ulifanya kazi pale ambapo ndoa haikuwezekana: uliwafunga watu wasio na binti wa kupeana, na kuuvunja kulihofiwa kuleta laana.

Huyu Wang'ombe anastahili zaidi ya aya moja, ingawa nitampa moja. Alikaa kwenye ukingo wa kaskazini, ambako mashamba ya Wakikuyu yanakutana na nyika za Laikipia, na alikuwa na uhusiano wa karibu na Wamaasai. Wanaofikiri Wakikuyu na Wamaasai walijua kupigana tu wamwangalie yeye. Waliibiana ng'ombe, ni kweli, lakini walioleana pia, wakahifadhiana wakati wa njaa, na wanawake wa biashara walipita katikati ya vita wakiwa na mizigo yao bila kuguswa. Ndani ya damu ya koo nyingi za Nyeri mna bibi Mmaasai, na wazee hawalifichi.

Undugu wa damu na Boyes ulikuwa na upande wa kiza. Watu wa Chinga, ambayo leo ni sehemu ya Othaya, walipowaua wafanyabiashara Wagoa, Boyes na washirika wake waliwavamia kwa kisasi. Ugomvi wa mgongo mmoja na mwingine, ambao zamani ungefika kwa wazee na kumalizwa kwa fidia ya mbuzi, sasa uliingiliwa na bunduki. Serikali yenyewe haikumvumilia Boyes kwa muda mrefu. Ilimkamata, ikampeleka Mombasa kwa mashtaka ambayo ndani yake mlikuwa na kupeperusha bendera ya Uingereza bila idhini, na mahakama ikamwachia. Karuri hakuzama naye. Mshirika mmoja alipoondolewa, mwingine alikuwa tayari Mbirri, mwenye bendera ile ile na idhini kamili.

Kuanzia hapo Karuri aliweka watu wake kwenye vyeo vidogo. Maarufu kuliko wote ni Wangu wa Makeri, mwanamke pekee aliyepata kuwa mkuu wa kijiji katika Ukikuyu wa wakati ule, huko Weithaga. Masimulizi yanasema Karuri, katika safari zake za kwenda Fort Hall, alilala kwa rafiki yake Makeri, akapendana na mke wa mwenyeji wake, na cheo kikamwendea Wangu. Inasemekana aliwakalia wanaume migongoni kama viti, na kwamba mwaka 1909 aliacha cheo baada ya aibu ya kucheza ngoma akiwa uchi. Sehemu hiyo ya viti na uchi imepigiwa makofi mno kwenye majukwaa, na nadhani imependwa kwa sababu inamfanya mwanamke mwenye madaraka aonekane kichekesho. Lililo muhimu ni jingine. Wangu hakuwekwa na kiama wala na rika lake. Aliwekwa na mtu mmoja ambaye naye aliwekwa na serikali. Mnyororo ulikuwa umeanza kushuka kutoka juu, na Weithaga hapakuwa na baraza la kumuuliza swali.

Mwaka 1902 Karuri alifunga muungano wake wa mwisho mkubwa. Shirika la Wakonsolata lilikuwa limeanzishwa Turin, Italia, mwaka mmoja tu kabla, na padre Giuseppe Allamano, ambaye Kanisa lilimtangaza mtakatifu Oktoba 2024. Wamisionari wake wanne, mapadre Tommaso Gays na Filippo Perlo pamoja na mabruda wawili, walifika Tuthu tarehe 28 Juni 1902, na kesho yake, siku ya Petro na Paulo, wakasoma misa. Karuri aliwapokea, akawapa pa kukaa. Alifanya lile lile alilomfanyia Boyes: mgeni asiye na ukoo akaribishwe, afungwe kwa fadhila, atumiwe. Safari hii hesabu haikutoka sawa. Mapadre walikuwa na ukoo, tena mkubwa kuliko wa yeyote mlimani, na makao yao makuu hayakubaki Tuthu. Yalihamia Mathari, nje kidogo ya mji wa Nyeri, ambako walijenga misheni na mashamba ya kahawa. Perlo akawa askofu. Kitovu cha Ukatoliki kikaondoka kwenye ukingo wa msitu wa Karuri na kukaa karibu na boma la serikali, lililoanzishwa chini ya kilima cha Nyeri Desemba 1902 baada ya majeshi kuwapiga watu wa Tetu.

Karuri alibatizwa mwaka 1916 kwa jina la Josefu, miezi michache kabla ya kufa. Kwa miaka karibu 14 alikuwa mwenyeji wa Kanisa bila kuwa muumini wake, na sababu inaonekana bila kupiga ramli: ubatizo ulimtaka abaki na mke mmoja. Kwa padre hilo lilikuwa suala la dhambi. Kwa Karuri lilikuwa sawa na kuambiwa avunje daraja za mito yote isipokuwa mmoja. Alipokubali alikuwa mgonjwa, mzee, na mwenye cheo cha serikali ambacho hakikuhitaji tena wakwe. Sina nia ya kuitilia shaka imani yake. Lakini wakati wake unasema jambo.

Maana kufikia hapo sheria ilikuwa imeshageuza mchezo. Amri za 1902 na 1912 kuhusu wakuu wa vijiji na mamlaka ya wenyeji zilimfanya chifu kuwa mtumishi mwenye mshahara, anayekusanya kodi na kutoa vibarua. Muthamaki aliyekosea alipoteza wafuasi, kwa sababu waliondoka tu wakahamia kwa mwingine. Chifu aliyekosea alimpoteza nani? Bwana DC, mkuu wa wilaya, labda. Na cheo ambacho hakikuwa cha kurithi kikaanza kunukia urithi. Huko Nyeri, Nderi, mwana wa Wang'ombe, akawa chifu mkuu kama baba yake alivyokuwa mkubwa, ila kwa msingi tofauti. Baba alishikiliwa na damu aliyochanjiana na watu. Mwana alishikiliwa na barua.

Oktoba 1952, siku mbili baada ya hali ya hatari kutangazwa tarehe 20, Nderi alikwenda kuvunja mkutano wa watu waliokuwa wakila kiapo cha Mau Mau. Walimuua kwa mapanga. Wiki mbili kabla yake Chifu Waruhiu wa Kung'u alikuwa ameuawa kwa risasi Kiambu. Ningeonya dhidi ya kusoma vifo hivi kama chuki ya ghafla dhidi ya wazungu na watu wao. Kiapo chenyewe kilikuwa namna ya kuunganisha watu wasio wa ukoo mmoja, chenye damu na nyama na laana kwa atakayevunja. Wazee wa 1898 wangeitambua mantiki yake mara moja. Chifu alikuja kuvunja aina ile ile ya kifungo iliyomjenga baba yake.

Pigo jingine kwa miungano ya koo halikutumia panga. Katika Tetu Kaskazini, Chifu Muhoya wa Kagumba alikuwa mbele katika kuunganisha vipande vya mashamba kuwa shamba moja moja, kazi ambayo serikali iliisukuma kwa nguvu zote kuanzia mpango wa Swynnerton wa 1954, huku watu wengi wakiwa kizuizini au wamefungiwa vijijini. Kilimo kilipata faida, kahawa na majani ya chai vikaingia. Lakini hati ya shamba ina jina la mtu mmoja. Haina mstari wa kumwandika muhoi, wala mkwe aliyepewa pa kulima na marehemu babu mbele ya mashahidi waliokunywa pombe. Maelfu waliokuwa na haki kwa sababu ya uhusiano waliamka wakiwa hawana haki kwa sababu ya karatasi.

Ndoa za wakubwa hazikukoma, bila shaka. Kenyatta, yatima asiye na ukoo wa kujivunia, aliporudi kutoka Uingereza mwaka 1946 alimwoa Grace, binti wa Chifu Mkuu Koinange wa Mbiyu. Grace alipofariki, akamwoa Ngina, binti wa Chifu Muhoho wa Gatheca. Mbretoni yeyote angelielewa hilo.

Kwa watu wa kawaida, hesabu ya nyumba za mzee imehamia mahakamani. Mahakama Kuu ya Nyeri husikiliza kesi nyingi za mirathi za wazee waliooa wake wawili, watatu au zaidi, na mwongozo wake ni kifungu cha 40 cha Sheria ya Mirathi, iliyoanza kutumika Julai 1981. Kifungu hicho hugawa mali kwa nyumba kulingana na idadi ya watoto wa kila nyumba, na mjane aliye hai huongezwa kama mtu mmoja. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika kesi ya Rono mwaka 2005, binti, aliyeolewa na asiyeolewa, anahesabiwa sawa na kaka yake. Hivyo ardhi ya Nyeri sasa inaweza kumfuata mwanamke hadi kwa mumewe, jambo ambalo Karuri, pamoja na wake zake wote na wakwe wa migongo yote, hakuwahi kulipangia mkakati.